Jina Nililoliita Saunani

Nilirudi saunani kuchukua taulo la mtoto. Hilo tu. Ilikuwa saa moja na nusu jioni, na jua la Juni la huku, ambalo halijui kwenda kulala, lilikuwa bado limekaa juu ya ziwa kama mgeni asiyeaga.

Wanaosema mambo haya hutokea gizani hawajafika pale.

Mji wenyewe ni mdogo, mwendo wa saa tatu kwa gari kutoka kwetu Rexdale, hapa Kanada. Nyumba za mbao, kanisa moja, duka moja, ziwa. Wafini ndio walioujenga, babu zao walipokuja kukata miti. Binti yangu Jemimah ni nesi. Alimuuguza bibi mmoja wa Kifini, Helvi, alipovunjika nyonga, na Helvi akatualika tushinde kwake Jumamosi moja. Tukaenda: Jemimah, mumewe Cliff, mtoto wao Nkatha wa miaka sita, mimi, na Mama Cliff.

Mama Cliff. Ngoja nimseme mapema nipumue.

Sisi Wameru, msichana wa kwanza huchukua jina la mama ya baba yake. Wa pili ndiye huchukua la mama ya mama. Ni haki, sina neno. Lakini hawa wawili walizaa mmoja wakasema basi, Kanada haitaki watoto wengi. Kwa hiyo Nkatha mkubwa, ndiye Mama Cliff, akapata Nkatha mdogo. Mimi Gakii jina langu likabaki linaning'inia hewani kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Tena mtoto akampa mwenzangu lile neno zuri, shosho. Mimi ananiita Grandma, kama anayenisoma kwenye kitabu cha shule. Kiswahili anakisikia chote, lakini ukimsemesha anakujibu Kiingereza.

Tukiwa wawili peke yetu nilikuwa namwita Gakii. Kwa kuiba. Anakunja uso: "That's not my name."

Haya. Siku hiyo Helvi aliwasha sauna, kile chumba chao cha mbao cha kuogea jasho, pale pale ukingoni mwa maji. Wanawake tukaingia kwanza. Mama Cliff akapanda ubao wa juu, mtoto mapajani mwake.

"Mama Jemimah, mbona umekaa huko chini kama kuku anayetaga? Panda huku kuna joto."

"Wewe lako linakutosha," nikamwambia.

Akambusu mtoto kichwani. "Huyu ni mimi. Tazama hata masikio. Nilizaliwa mara ya pili hapa Kanada, bila visa!"

Wote wakacheka. Mimi nikacheka kwa meno.

Tulipotoka, Helvi alibaki nyuma. Akaacha ndoo ya maji safi na fungu la matawi mabichi, akamwaga kata moja ya mwisho juu ya mawe ya moto, akafunga mlango. Alisema jambo kwa Kiingereza chake kizito, Jemimah akatufasiria.

"Anasema zamu ya mwisho si yetu. Ni ya wenye sauna, wanaoga baada ya watu. Tusiingie tena. Na hasa tusimwite mtu kwa jina humo ndani."

"Kwa nini?" Mama Cliff akauliza.

"Anasema wao hawana majina."

Mama Cliff akakemea kwa jina la Yesu. Mimi sikukemea. Nyanya yangu kule Nkubu alimwaga uji kidogo chini kabla ya kunywa, na hatukumuuliza ni wa nani.

Baada ya chakula Mama Cliff akaniita mbele ya watu. "Mama Jemimah, wewe huna kazi. Nkatha amesahau taulo lake saunani, kamchukulie." Mtoto ameegemea kifuani mwake, anakula keki mkononi mwake, na mimi natumwa taulo! Nikaenda. Hasira ndiyo iliyonipeleka, na onyo la Helvi halikunijia kabisa.

Ndani kulikuwa na kiza. Dirisha lilikuwa moja, dogo kama daftari, linatazama ziwa. Harufu ya moshi na majani mabichi, na nyingine chini yake... kama matope yaliyotolewa mahali pasipofikiwa na jua.

Nikapapasa taulo.

*Tssss.*

Mtu amemwaga maji juu ya mawe.

Nikasimama. Mvuke ukaja ukanifunika uso. Halafu vinyayo vidogo, pa, pa, pa, juu ya ubao wa juu. Nikasema moyoni, huyu mtoto amenipita mbio, amekuja kunichezea. Na tulikuwa wawili peke yetu. Ulimi ukafuata njia yake.

"Gakii! Shuka hapo, utaungua."

Vinyayo vikasimama.

Halafu sauti ndogo, karibu sana na sikio langu.

"Abee, shosho. Niko hapa."

Nitasema ukweli, nilifurahi. Kabla sijaogopa nilifurahi. Kiswahili safi, hakina hata chembe ya pua ya Kiingereza. Na shosho! Mimi!

"Umejifunza lini kusema hivyo?" nikanong'ona.

"Uliponiita."

Mkono mdogo ukaingia kiganjani mwangu. Katika joto lile, ulikuwa baridi kama samaki.

Nikageuza macho dirishani. Kule nje, kwenye gati la mbao, Nkatha alikuwa ameketi na Mama Cliff, miguu yao minne ndani ya maji.

Mkono ukanibana.

"Shosho... usimwangalie yule."

Sijui nilivyotoka. Taulo nilikuwa nalo kwapani. Helvi alikuwa amesimama njiani. Alinitazama uso, akatazama mkono wangu wa kulia, akamwambia Jemimah jambo kwa haraka.

"Mama, anauliza, ulimwita mtu humo? Anasema kama uliita, rudi sasa hivi ukalichukue jina. Ulitaje tena mlangoni, useme ni lako. Lazima iwe kabla hatujaondoka."

Mama Cliff alikuwa amekwisha fika, ameshika kiuno. "Alikuwa anamwita nani huko? Mtoto si ninaye mimi?"

Ningesema nini? Kwamba namwibia mjukuu wake jina? Kwamba mzee mzima nimeita jina langu mwenyewe gizani? Angeimba habari hiyo kanisani mpaka Krismasi.

"Nimwite nani?" nikajibu. "Nimefuata taulo, nimeleta taulo."

 Helvi akaingia nyumbani mwake bila kutuaga.

Njiani nilikaa kiti cha nyuma kabisa, peke yangu. Gari likaanza kulia, ting, ting, ting.

"Mama, umeweka mzigo kwenye kiti cha pembeni?" Cliff akauliza. "Gari linadhani kuna mtu hajafunga mkanda."

Mkoba wangu ulikuwa miguuni.

"Ndiyo, mkoba," nikasema.

Mkanda ukajivuta taratibu. Ukajifunga. Kelele ikanyamaza.

Mimi naishi peke yangu, ghorofa ya kumi na moja, barabara ya Kipling. Peke yangu nilikuwa zamani. Wiki mbili za kwanza, mnichukie mkitaka, zilikuwa tamu. Nikipika, naulizwa napika nini. Nikiumwa mguu, naambiwa pole shosho. Simwoni. Naona vyungu vikiloa na vioo vikiingia ukungu. Lakini nilikuwa na mjukuu asiyekuwa na shosho mwingine, na kila Mama Cliff aliponipigia kujisifu, nilimwacha ajisifu.

Halafu Jemimah akapata zamu ya ghafla, akaniletea Nkatha.

Nilimwacha bafuni anaoga, nikaenda kuchukua sabuni. Mlango ukajifunga. Ndani nikasikia watoto wawili. Mmoja akilia kwa Kiingereza. Mwingine akisema polepole, bila hasira, "Hapa pangu. Toka. Hapa pangu." Na bomba la maji ya moto likafunguka.

Nilivunja kitasa kwa kinu cha kutwangia vitunguu. Mtoto alikuwa amejibanza pembeni, mabega mekundu. Aliponiona alinirukia shingoni, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Nikamtoa hadi kwenye lifti, sikumvisha hata viatu.

Jemimah alipofika nilimwambia neno moja. "Usimlete tena kwangu."

Mama Cliff alipiga simu jioni hiyo hiyo. "Wivu umekumaliza, mama. Mpaka mtoto mdogo umemchukia?"

"Ndiyo," nikasema. "Kaa naye wewe. Mfundishe Kiswahili, amekuwa mkubwa."

Nilimsikia akipumua. Halafu akakata simu.

Nilitaka nirudi kwa Helvi. Nikamwomba Jemimah amuulize tu, kama mchezo, mtu akikosa kulichukua jina inakuwaje. Jibu lilikuja fupi. Anayelala kwenye jina hulilinda. Hakubali mwingine aitwe hilo.

Hiyo ilikuwa Julai. Oktoba Jemimah akanipigia, analia na kucheka.

"Mama, nimeficha mpaka daktari athibitishe. Nina mimba. Ni msichana, Mama! Zamu yako imefika. Gakii anakuja."

Miaka sita nililingojea neno hilo. Jikoni, sufuria tupu ikaanza kutoa mvuke.

"Mama? Mbona kimya? Hujafurahi?"

"Mpeni jina lingine," nikasema. "Lolote. La shangazi, la jirani, la mzungu. Langu msimpe."

"Mama, unasema nini?"

"Nimesema langu msimpe! Mkimpa sitakanyaga kwako maisha."

Alilia sana. Nikakata simu akiwa bado analia.

Ule mkono ukaniingia kiganjani, mdogo, wa baridi, umelowa. Nikaukamata kwa nguvu.

Ningeuachia, uende wapi?