Aliyetoka Kwenye Stoo ya Seva

Siku tatu nzima VPN, njia ya mtandaoni ya kuunganisha duka na nyumba, ilimgomea Fundi Waya. Siku ya nne ikakubali yenyewe, kabla hajarekebisha kosa.

Kosa alikuwa amekwisha kuliona. Ruta ya dukani na ruta ya nyumbani kwa mwenye duka zilikuwa zinagawa anwani zilezile, kama nyumba mbili zenye namba moja katika mtaa mmoja, kwa hiyo kila kilichotumwa kilipotea njia. Ilimbidi abadilishe anwani za upande mmoja. Alikuwa bado anahangaika na nenosiri la ruta, mara skrini ikaandika: imeunganika.

"Imekuonea huruma," alisema Msagaji kutoka chumba cha mbele. Mzee huyo alikuwa akisaga vioo vya miwani katika duka lile tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

"Mashine haina huruma, mzee. Kuna kitu sijakielewa."

Mwenye duka, mpimaji wa macho aliyeitwa Mama Miwani na kila mtu, alikuwa akimuuguza mama yake mzazi nyumbani. Kiharusi kilimwondolea bibi huyo kauli, hata kujigeuza kitandani hawezi, na bintiye hakutaka kumwachia mtu baki. Ndiyo maana aliitaka VPN: afungue mafaili ya wagonjwa akiwa nyumbani, kana kwamba yupo dukani.

Seva, kompyuta ya kutunzia mafaili hayo, Fundi Waya aliiweka stoo, chumba kisicho na dirisha nyuma ya mashine ya kusagia. Msagaji alimkataza. "Chumba hicho hakipendi watu. Iweke hata juu ya kabati langu." Fundi akajibu kwamba seva haitaki vumbi, akatoa masanduku yaliyopangwa mlangoni mwake mpaka darini, akatoboa ukuta kwa drili, akapitisha waya.

Adhuhuri hiyo alifungua orodha ya waliounganika. Alikuwa ametengeneza ufunguo mmoja tu, wa Mama Miwani. Orodha ilionyesha wawili. Wa pili hakuwa na jina wala anwani. Akamfuta. Yule akarudi. Akabadilisha funguo zote, akawasha seva upya, akamkuta palepale. Kilichomtia baridi ni mzigo wa data uliokuwa ukipita. Hakuna faili hata moja lililokuwa limefunguliwa, lakini kitu kizito kilikuwa kinatoka dukani kwenda nyumbani, polepole, bila kusita, kama mtu anayehama na vyombo vyake. Saa nane ukasimama. Stoo ikanuka nywele zilizoungua, kisha harufu nayo ikaondoka.

Robo saa baadaye simu ikalia.

"Umeniwekea nini nyumbani kwangu?" Mama Miwani aliuliza kwa sauti ya chini sana.

"VPN, bosi. Ile uliyotaka."

"Mama anaongea."

Fundi alitaka kusema alhamdulillahi, lakini bosi alikuwa bado hajamaliza.

"Anaongea kwa sauti ya mwanamume," Mama Miwani aliendelea. "Anauliza nani alimtolea masanduku mlangoni. Wewe ndiye uliyeyatoa. Njoo umjibu."

Msagaji alipoambiwa, alizima mashine yake na kwenda kumchukua shangazi yake, mwanamke aliyekuwa akitibu watu waliovamiwa na majini, na wote watatu wakaenda kwenye nyumba ile.

Bibi alikuwa ameketi kitandani, wima, yeye ambaye kwa miezi mingi aligeuzwa na mikono ya watu. Chumba kilinuka nywele zilizoungua. Meno yake yalikuwa yakisagana, krr, krr, kama kioo juu ya jiwe, na macho yake yakamfuata Fundi kutoka mlangoni mpaka alipojibanza ukutani.

"Huyu," ilisema sauti ile kutoka kwa bibi. "Alinitoboa ubavu."

Shangazi aliwatoa chumbani, akawapeleka ukumbini. "Jini huyu hakuwatafuta," alinong'ona. "Alikaa chumbani mwake, akafungiwa, akazoea kuchukia. Mmemtobolea njia mpaka kwenye mwili usioweza kujitetea."

"Basi nichomoe ruta sasa hivi," alisema Mama Miwani.

"Ukichomoa akiwa huku, atabaki huku. Kwanza arudi. Na hakuna kitakachomrudisha ila hasira. Mtu akaketi chumbani mwake, ajifungie. Hatavumilia."

Hakuna aliyemtazama Fundi, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi.

"Nitakwenda," alisema.

"Nilijua utakwenda," alijibu Mama Miwani, bila shukrani. "Akifika, useme 'chomoa'. Neno hilo tu."

Saa kumi alasiri, jua bado kali barabarani, Fundi alijifungia stoo, simu ikiwa wazi sikioni. Msagaji alisimama nje ya mlango. Fundi aliketi sakafuni, mgongo ukutani, akitazama ile orodha kwenye skrini. Mzigo ulikuwa sifuri. Kisha ukaanza kupanda, safari hii ukitoka nyumbani kuja dukani, na feni ya seva ikaanza kuvuma, na chini ya mvumo huo akasikia meno, krr, krr, kwanza mbali kama yako ndani ya ukuta, kisha karibu, kisha ndani ya tundu lile lile alilolitoboa kwa mkono wake, na harufu ya nywele ikamjaa kooni mpaka machozi yakamtoka, na taa ya skrini ikafifia kwa sababu kulikuwa na kitu kimesimama kati yake na skrini, kitu kisicho na umbo ila uzito, nacho kikainama taratibu mpaka pumzi yake, baridi kama zege, ikatulia kwenye sikio lake la kushoto, lile lenye simu.

Akafungua kinywa aseme neno lile. Hakikutoka kitu.

Akasikia sauti yake mwenyewe ikisema simuni, kwa utulivu kabisa, "Bado, bosi. Usichomoe. Hajafika."

Kule nyumbani Mama Miwani alikuwa amepiga magoti kando ya ruta, vidole vyake vimeshika plagi. Alisikia maneno hayo. Yalikuwa ya Fundi, hata kile kikohozi chake. Shangazi alimtikisia kichwa, kwamba naye hajui. Mama Miwani akageuka kumtazama mama yake.

Bibi alikuwa ameanguka juu ya mito, mwili umelegea, nusu ya uso imeshuka kama ilivyoshuka tangu siku ya kiharusi. Mate yalimtiririka. Alikuwa mgonjwa, kama kawaida yake. Mama Miwani hakuwahi kudhani kwamba ipo siku angefurahi kumwona vile.

"Usichomoe," simu ilirudia. "Nitakufa humu."

Akachomoa.

Msagaji alivunja mlango kwa bega na kumburuta Fundi nje kwa miguu. Kabla jua halijazama waliziba tundu kwa saruji, wakajenga ukuta wa matofali mlangoni, seva ikiwa humohumo, na Shangazi akausomea ukuta mpaka sauti ikamkauka. Mafaili ya wagonjwa yaliandikwa upya, moja moja, kwa mkono. Bibi aliishi miezi saba mingine, kimya, akafa kifo chake.

Mama Miwani hakumwita tena Fundi Waya, wala Fundi hakumlaumu.

Sikio lake la kushoto halisikii tena watu. Daktari alimulika ndani, akasema ni zima kabisa. Mkewe humpigia kelele kutoka upande huo, asigeuke. Lakini juzi, wakila chakula cha mchana, aliweka kijiko chini na kuinamisha kichwa kushoto, kama mtu anayesikiliza kwa adabu.

"Hapana," alisema. "Huyu ni mke wangu. Huyu mwache."

Mkewe aliuliza anaongea na nani. Fundi alikuwa bado anasikiliza.