Aliyekuwa Akitetemesha Injini

Jua lilikuwa linazama, na Bisibisi alikuwa ametoka mara moja tu kununua sabuni ya kunawia mikono. Aliporudi alimkuta mama mmoja mlangoni mwa gereji, kashikilia pikipiki ya zamani. Ya zamani kweli: tangi limepauka, kiti cha springi mbili. Alisema ameikokota kutoka mbali, lakini usoni hakuwa na tone la jasho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Inatetemeka hii. Ukiiendesha, mikono inakufa ganzi."

Jina la Bisibisi alipewa na wateja, kwa sababu ya tabia yake moja. Injini ikimsumbua aliiwasha, akagusisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma, akaung'ata mpini kwa meno na kuziba masikio. Mtikisiko ulimpanda kwenye taya hadi kichwani, akajua ni beringi gani imechoka. Alikuwa hodari, hilo nampa. Ila aliringa nalo mno. Kila mteja aliambiwa kwamba yeye hajawahi kumdanganya mtu kuhusu alichokisikia.

Mkewe alichungulia kutoka chumba cha nyuma walichoishi, mkono juu ya tumbo. Ulikuwa ujauzito wa nne. Mitatu ilitoka mapema, na huu ndio wa kwanza kufika mbali, kwa hiyo humo ndani waliishi kwa kunyata. Hata jina la mtoto walikuwa hawajathubutu kulitamka.

"Miezi saba," alisema yule mama.

"Umejuaje?" mke akacheka.

Mama alilitazama lile tumbo kama mtu anayekagua chumba cha kupanga.

Bisibisi akaanza kazi mwanga ungalipo. Akakaza bolti zote zinazoshikilia injini. Akawasha. Bado. Akavua mnyororo ili gurudumu la nyuma lisihusike, akawasha tena. Bado, na sasa kikombe chake cha chai kikatembea chenyewe juu ya benchi mpaka ukingoni, kikaanguka. Basi ugonjwa ulikuwa ndani ya injini.

Akang'ata bisibisi.

Du-du... du.

Haikuwa beringi. Beringi mbovu husaga, haipumziki. Hii ilipumzika. Na katika ule upumziko kulikuwa na pumzi, nzito, ya mtu aliyebanwa mahali padogo. Kisha, ndani ya meno yake mwenyewe...

*Fungua.*

Akaitema bisibisi.

"Umesikia nini, fundi?" mama alinong'ona.

Fundi mwingine angesema sijui, mama, irudishe nyumbani. Lakini huyu? Neno sijui halikuwahi kupita kooni mwake.

"Kuna uzito haujakaa sawa," alisema.

"Basi ufungue wewe. Mimi mwenyewe siruhusiwi."

Hapo ndipo alipotakiwa kuogopa. Badala yake alichukua spana.

Nyuma ya kifuniko cha pembeni palikuwa na gurudumu zito la chuma, lile linaloipa injini mzunguko wa utulivu. Gurudumu kama hilo hutobolewa matundu ili lizunguke bila kupepesuka, na kila fundi anajua matundu hayo hayazibwi. Hili lilikuwa na tundu moja lililozibwa kwa nta nyeusi. Viganja vikamwasha. Hakuna fundi anayeweza kuona kosa kama hilo akaliacha. Akaichimba nta kwa ncha ya bisibisi. Kukatoka harufu ya nywele zilizoungua. Kisha zikatoka nywele zenyewe, zimeviringishwa.

Kisha jino.

Lilikuwa la mtu mzima, lina mzizi wake, na lilikuwa na joto. Akaliweka benchini haraka, akarudishia kifuniko na mnyororo, akawasha. Injini ikatulia, laini kama cherehani. Akang'ata bisibisi kuhakikisha, akasikia injini tu, safi, na ladha ya nta ulimini.

Alipogeuka, jino halikuwepo benchini.

"Mume wangu huyo," alisema mama, akiwa ameshapanda pikipiki. Sauti yake sasa ilikuwa nyepesi, ya msichana. "Siku nilipomfunga humo aliapa kwamba akitoka atataka pa kukaa. Nimepita gereji nne, mwanangu. Mafundi wazuri wote, lakini nyumbani kwao hapakuwa na nafasi." Akakaza kitambaa kichwani. "Umvumilie. Ana hasira za karibu."

Akaondoka. Mikono yake haikutetemeka hata kidogo.

Bisibisi alinawa mpaka kipande kipya cha sabuni kikabaki nusu. Alijiambia kwamba yule ni kichaa, na jino limedondoka tu chini ya benchi. Ndani, mkewe alikuwa amelala chali kitandani, anacheka peke yake. Miezi mingi hajamwona akicheka hivyo.

"Njoo usikilize. Tangu pikipiki ile iondoke anacheza tu. Hajawahi kucheza hivi."

Kila jioni ilikuwa kawaida yao: yeye huweka sikio tumboni, mkewe husubiri kuambiwa. Akapiga magoti. Akaweka sikio.

Du-du... du.

Akaomba uwe moyo wa mkewe. Akakandamiza sikio zaidi. Na kutoka mle ndani, kwa sauti nzito ya mwanamume...

*Asante, fundi.*

"Umesikia nini?" mkewe aliuliza. Macho yalikuwa yamemjaa machozi tayari, ya mtu aliyekwisha kupoteza mara tatu.

Bisibisi alimtazama. Alitamani kulia, akashindwa.

"Mzima," alisema. "Mzima kabisa."

Mkewe akaushika mkono wake, akauweka juu ya tumbo, na kwa mara ya kwanza akalitamka kwa sauti jina alilokuwa amemchagulia mwanawe.

Chini ya kiganja cha Bisibisi likapigwa teke moja kali, la mtu asiyependa kuitwa kwa jina lisilo lake.