Nani Aliamka Usiku?

Asubuhi ya kwanza baada ya Kibonge kuacha kukohoa, watu wazima wa nyumba ile walishukuriana, na hakuna aliyekubali shukrani.

Mama yake ndiye aliyeanza. Alikuwa jikoni na kikombe cha chai, macho hayajavimba kwa mara ya kwanza tangu mafua ya mtoto yaanze. "Wifi, Mungu akulipe," alisema. "Nilikusikia usiku ukimpigapiga mgongo."

"Mimi?" Wifi, dada wa mumewe, alikuwa anakwangua masizi kwenye sufuria. "Mimi nikishalala, mwizi anibebe na kochi langu, nitaamka kwake asubuhi nimuulize chai iko wapi. Huyo atakuwa kaka."

Kaka, baba yake Kibonge, alikuwa mlangoni akifunga kamba za viatu. Alikuwa fundi wa magodoro na mito, mtu wa maneno machache. "Si mimi. Nilijua ni mama yake."

Wakacheka. Kila mmoja akaona mwenzake anaona haya kusifiwa, wakatawanyika kwenye shughuli zao. Upuuzi mtupu. Nyumba ina watu wazima watatu, wote watatu wamelala fofofo, mgongo wa mtoto unapigwapigwa mpaka anatulia, halafu mnacheka?

Kibonge alikuwa na miaka mitatu, mashavu ya kufinywa na kila mpita njia, na mapaja yaliyompa jina. Mafua yalimwanza kama yanavyomwanza mtoto yeyote. Mchana alicheza. Taa ikizimwa tu, pua inaziba, kifua kinakoroma, kikohozi kinamkalisha kitandani mpaka analia. Mama yake alimpeleka zahanati. Nesi akamsikiliza kifua mbele na nyuma, akasema mapafu ni mazima.

"Kaa naye bafuni kwenye mvuke, umempakata, maji ya moto yawe mbali naye. Matone ya maji ya chumvi puani. Kijiko cha asali kabla ya kulala, maana huyu ameshapita mwaka. Kichwa kiinuke kidogo. Na usimpe dawa ya kuzuia kikohozi, hata akushauri nani."

"Lakini halali, dada. Na sisi hatulali."

"Kikohozi ndiyo ufagio wake, mama. Ukimnyang'anya, uchafu atautoa na nini? Mtoto anayekohoa hanitishi mimi. Anayenitisha ni yule anayenyamaza ghafla, halafu mchana hana nguvu. Huyo mlete mbio."

Kwa ajili ya kuinua kichwa, baba yake akamshonea mto. Jioni ileile alirudi nao kutoka karakana, mto mdogo mnene, umejazwa sufi nyeupe iliyofutuka vizuri kila ulipoibonyeza. Usiku wa kwanza wa mto ule ndio uliokuwa usiku wa kwanza wa kimya.

Kimya kikaendelea, na mama akaanza kukichunguza. Alikuwa msusi. Macho yake yalizoea kuona unywele mmoja uliokosea njia. Pua ya Kibonge kila asubuhi ilikuwa safi kama kijiko kilicholambwa, lakini kitambaa cha kuifutia kilikuwa kikavu, kimekunjwa vilevile alivyokikunja jioni. Chumba kilinuka nguo iliyokunjwa mbichi ikasahaulika kabatini. Na mtoto mwenyewe, baada ya kulala usiku kucha, alisinzia mchana juu ya sahani ya chakula.

"Kibonge, nani anakufuta pua usiku?"

"Hafuti," mtoto akasema. "Ananyonya."

"Nani? Shangazi?"

Kibonge akapiga mwayo. "Ana mdomo wa baridi."

Mama akageuka. Wifi alikuwa kwenye mtungi, anakunywa maji.

Mtoto anayelala hivi kapewa kitu. Wazo hilo lilimwingia na likakataa kutoka. Na wa kumpa ni nani, kama si huyu anayelala kwenye kochi la sebuleni, mlango kwa mlango na mtoto? Wifi alipokwenda dukani, mama akaupekua mkoba wake. Akakuta kitana, sarafu na pipi. Hata pipi akazinusa.

Wifi aliporudi aliukuta mkoba umefungwa zipu mpaka mwisho, naye siku zote hufunga nusu. Jioni akamvuta kaka yake pembeni.

"Mkeo anampa mtoto dawa ya usingizi. Ndiyo ile aliyokatazwa na nesi. Muulize."

"Muulize wewe."

"Nimuulize mimi nionekane mchawi?"

Fundi hakumuuliza mtu. Alikuwa na shaka yake mwenyewe. Mkono wake ulijua uzito: mto ukirushwarushwa kidogo kiganjani, anakwambia sufi imepungua au imezidi. Siku ile alimnyanyua Kibonge kumweka begani, na mtoto akapaa kuliko alivyotarajia. Mashavu yalikuwa yaleyale, mapaja yaleyale. Lakini ndani mlikuwa kama mmetolewa kitu.

"Huyu mtoto mnamlisha?" akauliza.

Wanawake wawili wakamkazia macho, kisha wakakaziana wao kwa wao.

Usiku ule mama hakulala. Alijinyoosha kando ya mumewe anayekoroma, akasubiri. Nyumba ikatulia. Mkono ukaanza: pu, pu, pu, polepole, kama mtu anayekung'uta vumbi asilotaka liruke. Akatoka pekupeku, akipapasa ukuta, na palepale kwenye mlango wa mtoto akamgonga mtu.

"Nimekukamata," akanong'ona.

"Nimekukamata mimi," wifi akamnong'oneza. "Unampa nini mtoto wa kaka yangu?"

"Mimi? Wewe unayetembea gizani kama panya?"

"Nimeamka kukuvizia wewe! Umepekua mkoba wangu, pipi zangu zinanuka mafuta ya nywele..."

Wakanyamaza pamoja. Walikuwa wameshikana mikono, kila mmoja akimzuia mwenzake asikimbie. Nyuma yao fundi alikoroma. Na mbele yao, ndani ya chumba, pu, pu, pu.

"Wifi," mama akasema, na sauti yake ilikuwa hewa tu, "mikono yako yote miwili ninayo mimi."

Mlango ukasukumwa, hakuna aliyejua na nani, na mwanga wa taa ya barabarani uliopenya dirishani ukawaonyesha Kibonge amelala ubavu, mdomo wazi, kifua kimetulia kama cha mwanasesere, fulana yake ikibonyea mgongoni na kufutuka, ikibonyea na kufutuka, bila kiganja chochote juu yake, na chini ya kichwa chake mto ukipanda na kushuka kwa pumzi ndefu za aliyeshiba, na kila ulipopanda, ngozi ya pua ya mtoto ilivutwa mbele kama inavyovutwa na midomo, ikitoa ile sauti ya mtu anayenyonya uboho kwenye mfupa na hataki wenzake wamsikie.

Mama akamnyakua. Alikuwa amejiandaa kwa uzito wa Kibonge, na nusura aanguke nyuma, kwa sababu alichonyakua kilikuwa chepesi kama nguo za kuanikwa. Mtoto alining'inia. Hakupumua. Akamlaza kifudifudi kwenye mkono wake, kichwa chini, akampiga katikati ya mabega.

"Kohoa, baba! Kohoa, mwanangu!" Yeye aliyeomba usiku baada ya usiku mtoto anyamaze. "Kohoa, nakuomba, kohoa!"

Kibonge akakohoa. Kikohozi kibaya, kizito, cha makohozi, chenye mluzi mdogo mwishoni. Mama akaangua kilio cha furaha.

Na kitandani, mto nao ukakohoa. Kikohozi kilekile. Na mluzi mwishoni.

"Nani huyo amekohoa?" Fundi alikuwa mlangoni, shuka kiunoni.

"Mto wako," dada yake akasema.

Fundi akauchukua kwa mkono mmoja, alivyozoea kuchukua mito maisha yake yote, na mto ukamvuta bega mpaka akainama. Ulikuwa mkavu kabisa. Sufi hainywi maji; kila fundi anajua. Huu ulikuwa na uzito wa mtoto wa miaka mitatu mwenye mapaja, nao ulikuwa na joto.

"Sufi hii umeitoa wapi?" mkewe akauliza.

Akasema. Dereva mmoja wa lori alimletea godoro la marehemu mama yake, akamwambia achome lote, kitambaa na sufi, asibakishe hata kipande. Fundi akachoma kitambaa. "Lakini sufi ilikuwa nyeupe, mke wangu. Inaruka kama imechumwa jana. Nikaona ni dhambi kuichoma."

"Na yeye ulimwambiaje?"

"Nilimwambia nimechoma yote."

"Basi uongo wako, kaka," wifi akasema, "ulikuwa umelala na mtoto wetu."

Waliuchoma uani kwa mafuta ya taa. Sufi huwaka kama karatasi. Ile iliungua taratibu kama nyama, na ndani ya moto kulikohoa, kukakohoa, kisha kukaita "Mama" kwa sauti ambayo mama aliziba masikio ya Kibonge asiisikie, ingawa Kibonge alikuwa amelala begani kwake, anakoroma kwa pua iliyoziba, kamasi zikimtiririkia mama shingoni, naye mama hakuzifuta.

Asubuhi nesi alimsikiliza kifua, akasema mapafu bado mazima, endeleeni na mvuke na asali. Wanawake wawili walirudi wakimbeba kwa zamu, maana alikuwa mzito tena. Wifi alimpa pipi.

Fundi alikwenda kumtafuta dereva. Alimkuta ndani ya lori lake, akapanda, na hata salamu hazikuisha.

"Ulichoma?"

"Kitambaa."

Dereva akazima injini.

"Mama yetu alikuwa na jini wake," akasema. "Alimrithi kwa mama yake mzazi. Alimwita mlezi. Jini huyo alilala ndani ya godoro lile, nasi tukalazwa juu yake. Nyumba yetu mtoto hakuwahi kukohoa usiku. Majirani walituonea wivu."

"Na ndugu zako wako wapi sasa?"

"Mimi nilikuwa kikojozi, fundi. Nilitandikiwa mkeka sakafuni nisiharibu godoro. Ndiyo maana leo una mtu wa kuzungumza naye." Akamgeukia. "Lile lilikuwa godoro la watu wengi. Wewe unaniambia mto mmoja. Sufi nyingine iko wapi?"

Fundi alikuwa ameshashuka, anakimbia.

Karakanani alilikuta gunia la sufi ile pale pembeni, limelala bapa. Alijua litakuwa tupu. Ni yeye mwenyewe aliyeimalizia ile sufi, mto baada ya mto, akauza kwa wateja wa kupita ambao sura zao zilishamtoka. Akasimama na shazia mkononi, sindano ile ndefu ya kushonea magodoro, kama mtu anayesubiri kuchomwa nayo.

"Fundi! Mikono yako ibarikiwe!"

Alikuwa mama mmoja muuza mboga, amebeba mtoto kiunoni, mtoto mnene wa kupendeza, mashavu tele, amelala saa ya mchana. "Nimekuja kukupongeza mwenyewe. Huyu alikuwa na mafua hatulali. Tangu tuchukue mto wako, hakohoi. Pua safi yenyewe!"

"Nipe," fundi akasema. "Nipe huyo mtoto."

Yule mama akacheka, akamkabidhi kwa mkono mmoja, kama anayekabidhi kikapu kitupu. Mikono ya fundi ilijua kabla vidole havijafumba. Alikuwa ameshika sufi.

"Na majirani zangu wote nimewaleta kwako, wameshachukua," mama yule akasema kwa furaha. "Mtaa wetu siku hizi, fundi, usiku hutasikia hata mtoto mmoja."