Ruzuku Si Mtaji wa Duka

Ukimwuliza Zulaikha anafanya kazi gani, atashusha pumzi kwanza. Kisha atasema, "Naratibu mradi." Watu huitikia kwa kichwa. Wanadhani ni kazi ya kukaa kwenye kiti na kunywa chai. Laiti wangejua! Kazi hiyo haichoshi mikono. Inachosha kichwa, na kichwa kikichoka, mwili wote unafuata.

Zulaikha anakaa Gihundwe. Mume wake, Mudathiru, ana duka la vitenge na sukari mjini Kamembe. Mtoto wao anaitwa Karim, ndiyo maana majirani wanamwita Zulaikha Maman Karim, yaani Mama Karim. Kila asubuhi anachemsha chai, anamwandaa mtoto aende shule, halafu anapanda pikipiki hadi ofisini. Jioni anarudi na mabega yameshuka.

Mradi wake ni utafiti wa malaria. Watafiti wanataka kujua jambo moja. Je, kwenye bonde la mpunga, kuanzia Bugarama hadi Gikundamvura, kuna watoto wenye malaria mwilini ambao hawana hata homa? Wauguzi wanamchoma mtoto kidole, wanachukua tone la damu, wanapima. Mtoto akikutwa na malaria, anapewa dawa.

Fedha za kazi hiyo zinatoka kwa mfadhili aliye mbali. Fedha za namna hiyo zinaitwa ruzuku. Huzirudishi kama mkopo, lakini zina masharti yake. Mfadhili hatoi zote kwa mara moja. Kazi imegawanywa kwa hatua. Hatua ya kwanza ikikamilika kwa tarehe yake, anatoa fungu la pili. Isipokamilika, anafunga mfuko na utafiti unaishia hapo. Kazi ya Zulaikha ni kuhakikisha fedha, kazi na tarehe vinakwenda pamoja.

Mwaka huo havikwenda pamoja hata kidogo.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuwapima watoto wa vijiji vilivyochaguliwa kabla ya Juni kwisha. Wauguzi walianza mwezi wa Mei. Walikwenda, wakabisha hodi, wakakuta milango imefungwa. Wakarudi kesho yake. Milango imefungwa. Sasa, mwenye pikipiki hajali kama umemkuta mtu au umekosa. Anataka nauli yake. Siku zikaenda hivyo, mpaka fungu la usafiri likaisha.

Hapo Zulaikha alifanya kile ambacho mtoto yeyote wa wafanyabiashara wa Kamembe angefanya. Baba yake alikuwa na duka. Mume wake ana duka. Na dukani pesa zote zinakaa kwenye droo moja. Pesa ya vitenge inanunua sukari, pesa ya sukari inalipa gari la vitenge, na hakuna anayeuliza, mradi duka linasimama. Basi Zulaikha alichukua fedha za kununulia vipimo vya damu, akalipa pikipiki. "Fungu la pili likija nitarudisha," alijiambia. Hakumwambia mtu.

Wauguzi wakaendelea kukuta milango imefungwa. Sasa vipimo havitoshi, watoto wengi hawajapimwa, na Juni hiyo imefika.

Mchana mmoja Daktari Kayitare, mkuu wa utafiti, alipiga simu kutoka Kigali.

"Zulaikha, tumefika wapi na hatua ya kwanza?"

"Tunaendelea, Daktari."

"Kila nikiuliza mnaendelea! Fungu la pili likikosekana tunafunga kazi. Wauguzi wanarudi nyumbani, na wale watoto hakuna atakayewapima tena. Unanielewa?"

Alielewa. Tena alielewa kuliko Daktari mwenyewe.

Siku hiyo alirudi nyumbani mapema, akaketi barazani bila hata kuvua viatu. Mudathiru alikuwa amekuja kula. Alimtazama.

"Maman Karim, uko mugonjwa?"

"Nimechoka."

"Jana ulichoka, juzi ulichoka."

"Na kesho nitachoka. Niache, Papa Karim."

Lakini hakuachwa, na mwishowe alimweleza yote. Mudathiru akacheka. "Ile tu njo inakunyima usingizi? Nitakupa feza ya duka, unarudisha pale ulitoa. Nani ataona?"

Zulaikha aliinama, akaanza kuvua viatu. Wazo lilikuwa tamu. Lingemaliza kila kitu bila aibu.

"Mimi nimeona," alisema mtu upande wa uani.

Alikuwa Maman Uwamwezi, jirani yao. Huyu mama alikuwa mhasibu wa miradi ya afya miaka mingi, huko Bukavu na Kigali. Sasa amestaafu na anafuga sungura. Alikuwa amekuja kuomba majani ya viazi ya kuwalisha, na masikio yake bado mazima kabisa.

"Mudathiru, usimufundishe bibi yako uongo," alisema, akajivutia kiti.

"Uongo gani, Maman? Si ni feza yangu mimi mwenyewe!"

"Ni yako, lakini ripoti itasema kitu chenye hakikufanyika. Shimo utalifunika, haliwezi kujaa." Akamgeukia Zulaikha. "Na weye, nani alikuambia ruzuku ni mtaji wa duka? Mtaji ni wako. Unaupindua vile unataka. Ruzuku ni kutumwa. Nikikutuma soko na feza ya samaki, ukaniletea nyama, nitasema nini?"

"Utasema ulinituma samaki."

"Na kama samaki hakuna soko?"

Zulaikha alifikiri kidogo. "Nakupigia simu."

"Njo hivyo! Unanipigia simu mbele ya kununua ile nyama. Hauningojee mupaka nimekaa kwa meza."

Hata Mudathiru aliguna kwa kukubali.

"Batanifukuza, Maman," Zulaikha alisema. Machozi yalikuwa karibu. Uchovu ukizidi, machozi hayaombi ruhusa.

"Pengine. Sitakudanganya. Lakini bakigundua beneyewe, batakufukuza na mradi batafunga. Ukisema weye mbele, beko na njia ya kukusaidia. Bafadhili banajua mambo inaharibikaka. Mvua inanyesha, bei inapanda. Kitu chenye habawezi kuvumilia ni kufichwa. Ukitaka kuhamisha feza ya kazi moja kwenda kazi ingine, unaandika, unasema sababu, unangojea jibu. Kisha unahamisha."

Kisha Maman Uwamwezi akauliza swali ambalo hakuna mtu ofisini aliyekuwa ameliuliza.

"Na ile milango, ilikuwa inafungwa juu ya nini?"

"Sijue. Tulisema bale bantu ni bakaidi."

"Mulibauliza?"

"Hapana."

"Ile mwezi wa Mei, nani alichagua?"

"Sisi. Pale kwa biro, ofisini."

"Aya. Uende uulize. Feza yako haikuliwa na pikipiki, mama. Ililiwa na kalenda."

Kesho yake Zulaikha alishuka mwenyewe hadi bondeni. Joto la kule si la Kamembe. Alifika amelowa jasho, kichwa kinamgonga. Nyumba zilikuwa zimefungwa kweli. Lakini upande wa mashamba alisikia kelele. Watu wanapiga madebe, wanapiga mayowe. Akafuata kelele.

Kando ya shamba la mpunga alimkuta mwanamke ameshika sufuria kuukuu na fimbo. Jina lake Mukantabana. Pembeni yake mtoto wa kike, Gasaro, alikuwa akirusha mabonge ya udongo hewani. Mpunga ulikuwa umeanza kuiva, na ndege walikuwa wakishuka makundi kwa makundi.

"Muko natafuta bantu ku nyumba?" Mukantabana aliuliza kwa mshangao. "Mwezi hii? Maman, tukikaa nyumba siku moja, ndege banamaliza yote. Tunatokaka mbele ya jua, tunarudi na giza."

"Na batoto?"

"Beko hapa na sisi. Tungebaacha na nani?"

"Sasa nitabapata wapi, Maman? Nimezunguka mupaka nimechoka."

Mukantabana alipiga sufuria kwanza, ndege wakaruka. Kisha akasema, "Ungojee tuvune. Tukivuna, tunaanika pale kwa kianikio ya koperative, ile chama yetu ya balimi. Familia zote, na batoto bote, siku mingi, tunageuza mupunga. Mukuje pale. Hamutabisha hata mulango moja."

Zulaikha alitaka kucheka, akataka kulia, akaishia kuketi kwenye tuta. Nauli zote zile! Jibu lilikuwa hapa shambani siku zote, na lilikuwa la bure.

Jioni ile ile alimpigia Daktari Kayitare. Alimwambia kila kitu, bila kupamba.

"Kwa nini hukusema mapema?" Daktari alifoka.

"Niliogopa."

Zulaikha alimsikia Daktari akifunua karatasi upande wa pili. "Haya. Unapendekeza nini?"

"Tuna fedha za semina ya hotelini Kigali. Tuombe zihamie kwenye vipimo. Tuombe na muda kidogo, mpaka mavuno yaanikwe. Kwenye kianikio tutawapata wote mahali pamoja, na nauli itakuwa ndogo."

Daktari alinung'unika kuhusu semina yake. Alikuwa ameisubiri. Lakini alikubali, na barua ikaandikwa. Ilisema fedha za vipimo zilitumika kwa usafiri bila ruhusa. Ilisema sababu. Ilisema ni kazi gani inayoombewa fedha, nani ataifanya, na itakwisha lini. Risiti zote za pikipiki zilikwenda pamoja nayo.

Kungoja jibu kulimchosha Zulaikha kuliko kazi yenyewe. Alikuwa akipika anasahau chumvi. Jibu lilipofika, halikuwa la sukari. Zulaikha alipewa onyo la maandishi. Lakini fedha za semina ziliruhusiwa kununua vipimo, na tarehe ikasogezwa hadi mwisho wa Julai.

Kuanzia hapo alibadilisha namna ya kupanga. Kila hatua aliiwekea fedha zake, mtu wa kuisimamia, na kitu kimoja kipya: watu wa bondeni wanafanya nini mwezi huo. Kila Ijumaa aliketi na wauguzi. Waliulizana nini kimefanyika, fedha kiasi gani zimetoka, na wapi mambo yameanza kulegea. Kilicholegea kilisemwa wiki hiyo hiyo. Hakikungoja simu ya Kigali.

Julai wauguzi waliweka meza yao kwenye kianikio. Mpunga ulikuwa umetandazwa chini, wazazi wanaugeuza kwa miguu, watoto wanafukuza kuku. Zulaikha aliwakusanya wazazi akawaeleza kwa ukweli. "Tukimaliza kupima hapa, tutapata feza ya kurudi mara ya pili. Tusipomaliza, hatutarudi." Wazazi waliwaleta watoto wao, na waliosahau waliitwa kwa majina. Gasaro alipimwa siku ya kwanza. Alilia kidogo, akaonekana hana malaria, akarudi kwa kuku.

Hatua ikakamilika kabla ya tarehe. Fungu la pili likaingia. Hakuna aliyeshangilia ofisini. Zulaikha aliegemeza kichwa mezani akasema, "Alhamdulillahi," kisha akaanza kupanga safari ya pili.

Safari hiyo waliuliza kwanza. Waliambiwa waje siku ya mkutano wa koperative, wakaja siku hiyo. Gasaro alikuja anarukaruka, mdomo umejaa muwa. Muuguzi alimchoma kidole, akangoja, akatazama kipimo, akakitazama tena.

"Maman, mtoto ana malaria."

"Nani? Huyu?" Mukantabana alicheka. "Muko naona vile anaruka?"

"Ndiyo, huyu. Haijampiga bado. Tutampa dawa leo, aanze mbele yetu, na atazimaliza nyumbani hata ukimwona mzima."

Kicheko cha Mukantabana kiliisha. Alimvuta mtoto karibu, akamshika paji la uso. Halikuwa na joto. Alimtazama akimeza dawa, akampa maji. Kisha akaja kusimama mbele ya Zulaikha, aliyekuwa ameketi pembeni na karatasi zake, macho mekundu kwa uchovu.

"Maman, kama ile feza ya pili haikukuja, mungerudi?"

Zulaikha angeweza kusema neno la kumtuliza. Hakusema.

"Hapana, Maman. Hatungerudi."

Mukantabana alitikisa kichwa polepole. Akazitazama zile karatasi mapajani mwa Zulaikha, zenye hatua zake na tarehe zake.

"Ile kazi unafanyaka kule Kamembe, ya makaratasi," alisema. "Uifanye muzuri."