Mgongo wa Karani Maige

Kila mchana, alipotoka shule, Paskazia alipita nyumbani Kirumba, akachukua ugali na samaki, akampelekea baba yake kazini. Baba yake, Josephat Maige, alikuwa karani katika ghala la pamba la Bwana Taherali, mjini Mwanza.

Ofisini humo hamkuwa na meza wala kiti. Tangu wakati wa baba yake Taherali, watu walikaa chini, juu ya godoro jembamba lililotandikwa shuka jeupe, miguu wameikunja, kidawati kifupi mbele ya magoti. Tajiri mwenyewe alikaa hivyo. Maige naye alikaa hivyo, akaandika ameinama asubuhi mpaka jioni, mpaka mvi zikaanza kumtoka.

Paskazia aliona mambo ambayo baba hakuyasema. Aliona anavyoshika ukuta akitaka kusimama, anavyofumba macho akivaa viatu, na anavyotembea ameinama. Wachukuzi wa pamba nao waliona.

"Karani, umedondosha nini chini?" walimtania. "Tuambie, tukusaidie kutafuta."

Baba alicheka nao. Paskazia hakucheka.

Jioni mama yake, Kashindye, alimkanda baba kwa maji ya moto. "Baba Paskazia, si umwombe tajiri meza?"

"Nikae juu, tajiri yuko chini, nimtazame utosini kama mtoto? Watu watasema Maige ameota mapembe."

Mama akakamua kitambaa.

Siku moja baba alimaliza kula, akataka kuinuka, akashindwa. "Nipe mkono, mwanangu," alisema kwa sauti ndogo. Paskazia akamvuta. Baba akaguna, jasho likamtoka, naye Paskazia akaogopa, akamwachia. Akamvuta tena, ilikuwa kama kuvuta jiwe. Akabaki amesimama, mikono inaning'inia. Siku hiyo wachukuzi hawakutania. Walimlaza kwenye turubai, wakambeba mpaka nyumbani.

Dresa Antoni, mhudumu wa zahanati, alikuja, akambonyeza mgongo taratibu. "Dawa ya kupaka ninayo, itatuliza maumivu," alisema. "Lakini nikikupaka leo, kesho ukaenda kujikunja tena palepale, nitakuwa nimefanya nini?" Akamtoa kwenye kitanda cha kamba kilicholegea, akamlaza kwenye mkeka, akamwambia aanze kutembea kidogo kidogo akiweza.

Msimu wa pamba ulikuwa umeanza. Mama alisikia sokoni kwamba tajiri anatafuta karani mwingine. Paskazia alichota maji, akafagia, kisha akakaa mlangoni kumsikiliza baba akigeuka kwa shida. Hakuna alichoweza kufanya.

Ndipo Bwana Taherali akaja mwenyewe. "Shikamoo," Paskazia alimwamkia. "Marahaba, binti." Mama akamletea kigoda. Tajiri akakaa, akashusha pumzi. Baba alikuwa chini, mkekani.

"Maige, unarudi lini? Mizigo imejaa."

Paskazia alitazama mdomo wa baba yake. Alitamani kusema yeye, lakini mtoto hawezi kuingilia maneno ya wakubwa.

"Tajiri," baba alisema mwishowe, "nikirudi kukaa pale chini nitabebwa tena. Mgongo umekataa."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Niliona haya kukaa juu yako."

Taherali akakitazama kigoda alichokalia. "Mimi kila siku nainuliwa na mpwa wangu," alisema polepole. "Nilidhani ni uzee tu. Baba alikaa chini, mimi nikakaa chini. Hata sikuuliza." Akasimama bila kushikwa. "Karani mwingine sitafuti tena. Nitaleta meza mbili. Yako na yangu."

Alipoweza kutembea, baba akarudi kazini. Aliandika mezani, na kila mkokoteni wa pamba ulipofika aliinuka, akatembea mpaka mlangoni kuupokea. Maumivu yalipungua, ila bega moja lilibaki limeinama.

"Baba, utanyooka?" Paskazia alimwuliza mchana mmoja.

"Kunyooka kabisa, sidhani, mwanangu. Mwili wangu uliniambia mapema, nikaunyamazisha kwa sababu ya kuona haya. Tajiri hakunikataza meza; mimi ndiye sikuomba. Wewe ukiandika, kaa wima. Ukichoka kukaa, inuka utembee. Na ukiumwa, sema mapema, hata kwa mtu unayemheshimu."

Paskazia alikuwa ameinama akifunua chakula. Baba akamwekea kiganja mgongoni, katikati ya mabega. Paskazia akajinyoosha.