Suruali Iliyopunguzwa Mara Tatu

Kitu cha kwanza alichokiona binti kilikuwa vitundu vya sindano. Alikuwa akipiga pasi suruali ya baba yake, fundi cherehani. Kwa ndani, kiunoni, kulikuwa na mistari miwili ya vitundu vya mishono iliyofumuliwa, na mshono mpya pembeni. Suruali ilikuwa imepunguzwa mara tatu.

Alitaka kuuliza. Hakuuliza. Ndiyo maana baba yake alimwita Kimya.

Tangu siku hiyo alianza kutazama. Kila alipotaka maji ya kunyunyizia nguo, chupa ilikuwa tupu: Baba ameshayanywa. Tena Baba alikuwa kiguu na njia kwenda chooni.

"Fundi, umefungua tawi huko chooni?" Mama alimtania.

"Maji yakiingia, lazima yatoke."

Akichoka, alikunywa soda. "Hii ndiyo petroli yangu," alisema. Kidole alichojichoma mwezi uliopita kilikuwa bado kidonda.

"Kimya, nitilie uzi. Siku hizi wanatengeneza sindano zenye matundu madogo."

Kimya alitia uzi. Sindano ilikuwa ileile ya mwaka jana.

Asubuhi moja muuguzi wa zahanati alikuja kuchukua sare yake. Aliijaribu nyuma ya pazia, akatoka anacheka.

"Fundi, hii ni yangu au ya mwanangu? Haipiti!"

"Labda umenenepa, Nesi."

"Tangu wiki iliyopita?"

Baba alichukua futi ya kupimia. Akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali. Kisha akasema, "Nakuja," akaenda chooni.

Kimya alimsogelea muuguzi.

"Nesi," alisema kwa sauti ndogo, "mtu anaweza kumaliza mtungi wa maji na bado akawa na kiu?"

Muuguzi aliweka sare chini. "Mtu gani, mdogo wangu?"

Kimya alileta suruali ya Baba, akaigeuza ndani nje. Muuguzi akaipitishia kidole ile mistari, mmoja mmoja, huku Kimya akimweleza mengine yote aliyoyaona.

Baba aliporudi akauliza, "Mnanisengenya?"

"Tunakupima, Fundi. Mwili unapungua, wewe unapunguza suruali! Kiu isiyoisha, kukojoa kila mara, kukonda, kuchoka, macho kuona ukungu, kidonda kisichopona. Hizo zinaweza kuwa dalili za kisukari."

"Kisukari? Na mimi nina nguvu za soda?"

"Sukari inajaa kwenye damu, lakini mwili unashindwa kuitumia. Ni kama duka lililojaa vitambaa, mlango umefungwa, na fundi yuko nje hana cha kushona. Soda inazidi kulijaza duka."

"Basi nikimaliza kazi nitakuja."

"Kazi ipi? Hii uliyonikosea? Dalili si hukumu, Fundi. Kipimo ndicho kitakachosema. Wengine hawana hata dalili, ila wakipimwa wanakutwa na kisukari."

Mama alikuwa ameshaifunika cherehani. "Twende," alisema.

Kule zahanatini, muuguzi alimchoma Baba kidoleni, akachukua tone la damu.

"Miaka ishirini najichoma bure," Baba alisema. "Leo ndiyo nachomwa kwa faida."

Lakini sukari ilikuwa juu sana, na Baba akaacha utani. Daktari alimpa vidonge. Akamwambia aache soda, ale mboga kwa wingi, atembee kila siku, akague miguu yake kila jioni asije akapata kidonda bila kujua. Akamwonya asiache dawa hata akijisikia vizuri, na arudi kupimwa.

Miezi ikapita. Kidole kikapona. Chupa ya maji ikawa inakaa na maji hadi jioni. Siku moja Baba alitia uzi mwenyewe, kwa jaribio moja tu, akauinua juu kama mtu aliyevua samaki.

"Kimya! Suruali imeanza kunibana. Hebu ilegeze."

Kimya alikaa na wembe, akafumua ule mshono. Akazungusha ule uzi kidoleni. Halafu akasema, bila kuinua macho:

"Baba, niliviona vitundu hivi siku nyingi kabla sijasema. Niliogopa. Niliona unaisha kama uzi, na mimi natazama tu."

"Lakini ulisema," Baba alijibu, "basi na hilo jina la Kimya tulifumue."