Mwanamke Anayetwanga Ndani ya Spika

"Bisimwa, nani anatwanga hapo kwako?"

"Hakuna mtu, chérie."

"Hakuna mtu? Donc mchi unajitwanga wenyewe? Miye nasikia mwanamke. Anatwanga sombe!"

Bisimwa akazima spika za ukumbi haraka. Hapo ndipo alipoharibu.

"Eh! Umemwambia anyamaze!"

Gracieuse, mchumba wake, akakata simu huko Louisville. Bisimwa akabaki Buffalo, katikati ya ukumbi wa maonyesho wenye giza. Aliyekuwa anatwanga ni Gracieuse mwenyewe. Alimrekodi Columbus, jikoni kwa dada ya Gracieuse, mtaa wa Clintonville, siku ya posa. Alitaka aje siku ya ufunguzi wa maonyesho, ajisikie, ashangae. Sasa aseme nini?

Loretta, msanii wa Kiseneka, wenyeji wa asili wa huko, aliyempa kazi ya sauti, akatokea gizani. Yeye alitaka kila anayeingia humu, spika zikimzunguka, ajione yuko jikoni kwa bibi ya Loretta, mahindi yanatwangwa.

"Huyu si bibi yangu. Mahindi makavu hayalii hivi. Hiki ni kitu kibichi."

"Ni sombe, majani ya muhogo. Ni mchumba wangu. Nilidhani kinu ni kinu."

"Mtoe. Kesho twende kwa shangazi yangu. Umwombe ruhusa kwanza, ndiyo umrekodi akitwanga."

Usiku ujumbe ukaingia: "Nakuja kumuona huyo mwanamke wako. Pete nitakurudishia mkononi."

Siku ya ufunguzi Gracieuse akashuka basi, macho mekundu, moja kwa moja ukumbini. Akatega sikio kwenye spika moja moja.

"Huyu si ule. Huyu ni mama mzee, anatwanga kitu kikavu. Ule mwingine umemficha wapi?"

Bisimwa akamvalisha hedifoni. Twa, twa, twa. Halafu sauti: "Bisimwa, toa hicho kidude, miye si redio!"

Gracieuse akakaa chini.

"Ni miye?"

"Ni wewe."

"Donc nimelia njia yote kwa wivu wa miye mwenyewe?"

Bisimwa akacheka. Akacheka peke yake.

"Usicheke! Uliniingiza jikoni kwa bibi ya watu. Miye hukuniuliza, na wenyewe hukuwauliza."

"Loretta alikutoa."

"Alifanya vizuri. Na hii, unaisikilizaka?"

"Kila nikipika, kwangu kule Riverside."

"Futa."

"Nikifuta nabaki na nini?"

"Futa, Bisimwa."

Akafuta. Hakujua kama amesamehewa au ameachwa. Akatazama pete. Bado iko kidoleni mwa Gracieuse.

"Bon," Gracieuse akasema, akijifuta macho. "Huku kwenu, kinu kinauzwa wapi?"